Kabla ya Kupanua Fremu, Tazama Breki



Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Marehemu baba aliniachia baiskeli ya mbio aina ya Raleigh, ya chuma, yenye usukani wa kuinamia na gia tano nyuma. Ndiyo ninayoendea kazini, na Jumamosi huenda nayo hadi Kisii mjini kunyoosha viungo. Gurudumu la nyuma limechoka: rimu ni ya chuma na imeshika kutu, na ekseli imepinda kwa mara ya pili sasa. Mjomba wangu anayeishi Minneapolis alipokuja nyumbani Desemba aliniletea gurudumu la nyuma la kisasa. Lina rimu ya alumini, ni jepesi ajabu, limeandikwa 622, na lina nafasi ya gia nyingi. Tatizo ni kwamba haliingii. Fundi wetu amepima: fremu ina milimita 120, gurudumu lina milimita 130. Yeye anataka kuipanua fremu kwa jeki ya gari. Mchomeleaji wa hapo jirani anasema tukate sehemu ya nyuma aiunge upya. Rafiki yangu ananishauri niuze kila kitu ninunue baiskeli ya gia 21 ya supamaketi. Nimsikilize nani? Na lile gurudumu kuukuu nilifanyie nini?

Mwalimu, Ogembo

*

Mwalimu, pole kwa kumpoteza mzazi, na asante kwa barua yenye vipimo. Wengi huniandikia kwamba gurudumu "halitoshi" wakaishia hapo, nami nabaki kubahatisha. Wewe na fundi wako mmenipa namba, na namba hizo zimenieleza karibu kila nililohitaji kujua.

Gurudumu la mjomba linaweza kuingia kwenye Raleigh ya baba yako na likakutumikia miaka mingi. Lakini haitakuwa kwa jeki, wala kwa kukata na kuchomelea. Kuhusu ushauri wa rafiki yako, fremu nzuri ya chuma ikitunzwa huishi kuliko baiskeli nyingi mpya za bei rahisi, ambazo uzito wake ni mkubwa na vipuri vyake ni hafifu. Usiiuze.

Kabla hujagusa fremu, tukubaliane kwanza kwa nini unabadilisha gurudumu. Naona gia nyingi zimekuvutia. Mimi kilichonivutia ni rimu. Unaishi mahali ambapo hakuna kilomita iliyo tambarare, na mvua haina msimu inaouheshimu sana. Rimu ya chuma iliyopakwa kromu ni laini mno. Ikilowa, maji hukaa kati yake na raba ya breki, ukabana mkono na baiskeli ikaendelea na safari yake. Breki inapoanza kushika, tayari umepita mahali ulipokusudia kusimama. Unapoteremka kuelekea mto Gucha asubuhi ya mvua, na mbele yako Probox iliyojaa watu ikasimama ghafla kuongeza abiria mwingine, mita hizo za ziada ndizo zitakazoamua kama utafika darasani. Alumini pia hupoteza nguvu ya breki kidogo ikilowa, lakini raba huishika kwa haraka zaidi, na tofauti hiyo utaisikia mkononi siku ya kwanza. Hiyo ndiyo zawadi kubwa aliyokuletea mjomba. Hesabu ya gia ni ziada.

Sababu ya pili ni hiyo ekseli inayopinda. Kwenye habu (vitovu vya magurudumu) za kizazi cha baiskeli yako, friwili, yaani meno ya nyuma pamoja na kiini chake kinachozunguka, hukazwa kwa nyuzi juu ya habu. Gololi za upande wa cheni hubaki ndani, nyuma ya friwili, mbali na pale fremu inapoishika ekseli. Kwa hiyo kuna kipande kirefu cha ekseli kisichoegemea chochote, na kila shimo unaloangukia linakipiga hapo hapo. Tena kadiri watu walivyoongeza gia nyuma, ndivyo kipande hicho kilivyorefuka. Mwaka 1978 kampuni ya Shimano ya Japani ilitoa habu ambayo friwili ni sehemu ya habu yenyewe, na gololi za kulia zikasogezwa nje, karibu na mwisho wa ekseli. Ukiona kwenye gurudumu lako jipya kwamba meno yote huvuliwa kwa kufungua kifuniko kimoja chenye nyuzi, huku kiini kinachozunguka kikibaki mahali pake, basi umepata habu ya mtindo huo. Yale meno yanayovuliwa ndiyo mafundi huita kaseti.

Sasa tuje kwenye milimita. Fremu yako ya 120 haina kasoro. Ndivyo zilivyokuwa baiskeli za mbio za gia tano nyuma. Zilipofika gia sita na saba, nafasi hiyo ya ekseli kati ya pande mbili za nyuma za fremu ikawa 126. Kuanzia gia nane ikawa 130, na hapo ndipo lilipo gurudumu lako. Baiskeli za milimani huwa na 135. Baiskeli za mbio za leo zenye breki za diski zimefika 142, na ekseli yake ni nene mno, haiwezi kukaa kwenye fremu kama yako hata ukiipanua. Kumbuka jambo hili la diski, tutalirudia.

Unahitaji milimita 10, yaani tano kila upande. Chuma kinakubali hilo. Alumini haikubali, na nyuzi za kaboni ndizo kabisa. Fremu za namna hiyo hupasuka, pengine si siku ile bali miezi baadaye ukiwa kasi. Kwa hiyo yeyote mwingine anayesoma hapa na anataka kufuata, achukue sumaku kwanza aijaribu kwenye fremu. Isiponata, asithubutu. Na mwenye fremu ya 126 ana kazi ndogo sana: ni milimita mbili tu kila upande, na wengi huivuta kwa mikono wakati wa kuingiza gurudumu wakaendelea na maisha yao. Kwako wewe kuvuta kwa mikono kila unapoziba pancha kutakuchosha, na ile midomo miwili ya fremu inayoishika ekseli itakuwa imekaa mshazari, ikiipinda ekseli mpya polepole kama ilivyopindwa ile ya zamani.

Kwa nini nakataa uchomeleaji? Mabomba ya fremu ya mbio ni membamba, na viungo vyake viliungwa kwa shaba, kwa moto uliopimwa. Mashine ya kuchomelea mageti inaweza kulitoboa bomba hilo au kulifanya likakamae pembeni mwa kiungo, kisha likakatika hapo. Mchomeleaji wako huenda ni hodari sana kwa mageti na matangi. Hii si kazi yake.

Jeki ina kosa jingine. Inasukuma pande zote mbili kwa pamoja, na mkono wa nyuma wa fremu, yaani bomba linalobeba mdomo, ulio dhaifu zaidi ndio unaofuata. Mikono ya kulia na kushoto hailingani: ule wa kulia mara nyingi hubonyezwa kiwandani kupisha meno makubwa ya mbele. Fundi wako atapima apate 130 kamili, afurahi, kumbe upande mmoja umekwenda milimita nane na mwingine mbili. Gurudumu la nyuma litakuwa halifuati njia ya lile la mbele, cheni italalamika, na wewe utadhani ni rimu iliyopinda.

Namna sahihi inahitaji uzi, rula na ubao. Marehemu Sheldon Brown, fundi wa Massachusetts nchini Marekani aliyefariki mwaka 2008, aliieleza kwa watu wengi ulimwenguni bila kuficha siri ya kazi, na mimi sijaona iliyo nyepesi kuliko hiyo. Ondoa gurudumu. Funga uzi kwenye mdomo mmoja wa nyuma, uvute hadi mbele, uzungushe kwenye bomba fupi la kichwani linaloshika uma, kisha uurudishe hadi mdomo wa pili na uukaze. Sasa pima kutoka kwenye uzi hadi bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo vikilingana, fremu iko katikati. Fanya hivi kabla ya kuanza, maana baiskeli iliyoanguka mara kadhaa katika maisha yake huenda tayari imeegemea upande mmoja, nawe utapata nafasi ya kuirekebisha.

Kisha tafuta ubao imara wa inchi mbili kwa nne, mrefu wa kutosha kukupa nguvu. Lifunge bomba la kiti kwa kitambaa kinene. Ukitaka kufungua upande wa kushoto, ubao upite kwa ndani ya mdomo wa kushoto, na ncha yake ya mbele iegemee bomba la kiti kwa upande uleule wa kushoto. Mtu mmoja aishike fremu, mwingine asukume mwisho wa ubao kuelekea nje. Sukuma kidogo, achia, pima. Chuma hurudi, utasukuma mara ya kwanza na rula itakuambia hakuna kilichobadilika. Ongeza kidogo. Kitakuja kubaki pale utakapokuwa umekipeleka mbali kuliko unapotaka kiishie, na hapo mwenye haraka huharibu. Ukipata milimita tano kushoto, hamia kulia, kisha rudisha uzi uone kama pande mbili zinalingana.

Lakini kabla ya yote hayo, chunguza kutu. Geuza baiskeli, angalia pale mikono ya nyuma inapoungana na kitovu cha pedali na pale daraja dogo la breki linapounganisha mikono ya juu. Rangi iliyopasuka si neno. Mstari wa kutu unaolizunguka bomba ni neno kubwa, maana huenda chini yake kuna ufa. Ukiukuta, usipanue kitu. Hapo kuna njia ya pili, na naipenda pia: fremu inabaki ilivyo, ile habu ya zamani inatiwa ekseli mpya iliyonyooka, kisha fundi anaisukia spoku mpya kwenye rimu ya alumini yenye idadi ileile ya matundu. Utapata breki nzuri, utabaki na gia zako tano, na udhaifu wa ekseli utabaki vilevile. Kama ufa umepita bomba lenyewe, baiskeli hiyo isipandwe tena.

Fremu ikishafika 130, midomo yake miwili haitakuwa sambamba tena, kwa kuwa mikono imefunguka kutokea kule mbele. Tafuta boliti mbili ndefu, nati na washa. Ingiza boliti moja kila mdomo, zikazwe, ncha zake zikikaribiana katikati. Zikitazamana sawasawa, midomo imenyooka. Zisipotazamana, inyooshe kwa spana kubwa, kidogo kidogo, hadi zitazamane. Kile kipande cha kulia kinachoubeba mkono wa gia nacho kikaguliwe; kikiwa kimepinda hakuna gia itakayokaa.

Kuna mambo mawili kwenye uingizaji ambayo huwapita hata mafundi wazuri. Ekseli ya kisasa ya nyuma ina unene wa milimita 10, na midomo ya baadhi ya baiskeli za Kiingereza ilichongwa kwa inchi tatu ya nane, yaani milimita tisa na nusu. Kuchonga kidogo kwa tupa ndogo kunatosha, lakini chonga upande wa chini wa uwazi, wala usitoe zaidi ya inavyohitajika. La pili: gurudumu lako bila shaka lina ule mkono wa kufungia haraka, wenye fimbo nyembamba inayopita ndani ya ekseli. Midomo ya zamani ni myembamba. Kama ncha ya ekseli imetokeza nje ya mdomo hata kwa nusu milimita, mkono utaibana ncha hiyo badala ya kuibana fremu, na gurudumu litaonekana limefungwa ilhali halijafungwa. Angalia kwa macho, pande zote mbili. Ikitokeza, isagwe. Na mkono wenyewe uwe wa chuma, ule ambao sehemu yake ya kubana imefichwa ndani, kwa sababu mdomo wa fremu yako umelala na cheni huvuta kwa nguvu sana mtu anaposimama kwenye pedali kupanda mlima.

Breki sasa. Baiskeli kama yako kwa kawaida ilikuja na magurudumu ya inchi 27. Kwenye tairi lake la zamani tafuta namba 630. Hicho ndicho kipenyo cha rimu, kwa milimita, pale tairi linapokaa. Lako jipya ni 622. Nusu ya tofauti ni milimita nne, kwa hiyo raba za breki zishuke milimita nne. Legeza nati yake, isogeze chini kwenye uwazi wake, uone kama raba nzima inaigusa rimu. Isiguse tairi hata kidogo, maana italikata. Uwazi ukiisha kabla raba haijafika, unahitaji breki za mikono mirefu zaidi, na hilo lifanywe kabla ya kuteremka popote. Weka raba mpya pia. Zilizokaa miaka mingi zimekauka zikawa ngumu, na kama ni zile zilizobandikwa ngozi kwa ajili ya rimu za chuma, hazifai alumini.

Kuhusu tairi, nisikilize kwa makini kuliko kwingine kote. Tairi la 630 litaingia kwenye rimu ya 622 kwa urahisi, tena litakufurahisha, kisha ukilijaza upepo litachomoka. La baiskeli ya kawaida ile kubwa nyeusi, ambalo utalikuta kila duka la vipuri Gusii, ni 635, nalo ni baya zaidi. Maneno ya inchi yaliyoandikwa ubavuni yanapotosha; tazama namba hiyo ya tarakimu tatu, iwe 622. Kwa barabara zako chukua upana wa 28 au 32 kama fremu inaupisha, na kwa kuwa rimu ni ndogo kidogo kuliko ya zamani, huenda ikaupisha. Rimu hizi mara nyingi zina tundu jembamba la valvu, la milimita sita na nusu. Usimruhusu mtu alitoboe liwe pana. Nunua tyubu yenye valvu nyembamba, na kile kipande kidogo cha shaba cha kuiwezesha kupokea pampu za kawaida za barabarani, ukifunge kwenye ufunguo wa nyumba usikisahau.

Gia nitazipitia haraka. Mweleze mjomba kwamba unataka kaseti ya gia nane na cheni yake. Cheni hiyo ni nene kuliko za kisasa zaidi, bei yake ni nafuu, na inaelewana na meno yako ya mbele. Kiini cha kawaida cha Shimano kinapokea kaseti za nane, tisa na kumi. Kikiwa cha kumi na moja, kuna pete ya milimita 1.85 inayotangulia. Vishikio vyako vya gia vilivyo kwenye bomba havina mlio wa kuhesabu hatua, na hilo ni baraka: vitavuta gia nane kama vilivyovuta tano. Kaseti inayoishia meno 28 itakuwa salama kwa mikono mingi ya gia ya wakati ule. Ukitaka 32, mlima utapungua uzito: ukiwa na meno 40 mbele, kila mzunguko wa pedali utakuwa mwepesi kwa kama sehemu moja ya nane. Lakini pengine utahitaji mkono mpya wa gia. Lolote utakalochagua, rekebisha zile skrubu mbili ndogo zinazouzuia mkono huo, hasa ya upande wa ndani. Ikiachwa ilivyo, cheni itaangukia kwenye spoku ukiwa katikati ya mlima na kulivunja gurudumu ulilopewa.

Nimeliacha mwisho jambo ambalo hukuniuliza. Gurudumu la mbele bado ni la chuma, sivyo? Unapofunga breki kwenye mteremko, uzito wako mwingi hukimbilia mbele, na gurudumu la mbele ndilo linalokusimamisha kwa sehemu kubwa. Maana yake ni kwamba baada ya kazi yote hii, kwenye mvua utakuwa umeboresha breki iliyo ndogo kati ya mbili. Kama ningelazimika kuchagua gurudumu moja la kukuletea kutoka Minneapolis, ningechagua la mbele. Basi mpigie mjomba, umshukuru, umwombe na la mbele. Mwambie liwe 622, la breki za rimu wala si la diski, maana madukani kule la diski ndilo atakalooneshwa kwanza na ubavu wake hauna mahali pa raba kushika. Upana wa habu ya mbele ya kisasa ni milimita 100. Pima uma wako kabla hajanunua, kwa kuwa baadhi ya uma za Raleigh za zamani ni nyembamba kuliko hapo. Mpaka lifike, teremka polepole siku za mvua, na uzifinye breki kidogo mapema ili raba ziifute rimu kabla hujazihitaji.

Mpe fundi wako gazeti hili asome mwenyewe. Aliyepima kwanza kabla ya kuinua nyundo ni fundi wa kukaa naye. Kule Kikuyu, kwa mwendesha baiskeli David Kinjah na kundi lake la Safari Simbaz, ambako Chris Froome alianzia kabla ya kushinda Tour de France mara nne, vijana hufundishwa kutengeneza baiskeli sambamba na kuziendesha. Wewe na fundi wako mnaweza kufanya vivyo hivyo Ogembo, na wanafunzi wako wakubwa wakishika uzi na rula siku hiyo, somo la vipimo litakuwa limefundishwa.

Baada ya safari chache za kwanza, pitisha vidole kwenye spoku. Zilizolegea zikazwe, na rimu iangaliwe kama bado iko katikati ya raba mbili.

Lile gurudumu kuukuu usilitupe, wala usijaribu kulirudisha kwenye fremu iliyopanuliwa kwa kukaza nati mpaka mikono ibanane. Utaipinda fremu tena, safari hii bila uzi wala kipimo. Likihitajika kama akiba, fundi alitie ekseli ndefu zaidi na washa za milimita tano kila upande wa habu, na tairi lake liwe lilelile la 630. Lisipohitajika, ivueni friwili, muisafishe kwa mafuta ya taa na muiweke. Yupo mtu Kenyenya au Nyamarambe mwenye gia tano kama zako ambaye anaitafuta.